Nundu ya Siku ya Saba

Uvimbe katika kichwa cha mtoto mchanga una sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina madhara. Chache ni za hatari, na chache hizo huhitaji hospitali kwa saa, si kwa wiki. Ugumu wa jambo ni kwamba zote huanza kwa namna moja: mkono wa mzazi unapita juu ya kichwa na kukuta kitu ambacho hakutarajia kukikuta.

Kichwa cha mtoto mchanga kimeumbwa tofauti na cha mtu mzima. Fuvu lake ni vipande vya mifupa vilivyokaribiana bila kushikana, na kati ya vipande hivyo pana mishono laini. Pale mishono inapokutana hubaki mahali pasipo mfupa. Utosi wa mbele, ulio juu ya paji la uso, kwa watoto wengi huziba kati ya miezi 9 na 18. Utosi wa nyuma, ulio mdogo zaidi, huziba ndani ya miezi 2 au 3 ya mwanzo. Mpangilio huo humwezesha mtoto kupita katika njia ya uzazi: mifupa hupandana, kichwa hurefuka, kisha hurudia umbo lake siku chache baadaye. Kichwa kilichobanwa kwa saa nyingi hakikosi alama.

Kisiwani Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, alama hiyo ina siku yake ya kuonekana. Siku ya saba hufanywa akika: mnyama huchinjwa, mtoto huitwa jina lake, na nywele alizozaliwa nazo hunyolewa. Wembe ukishapita, kichwa kilichofichwa na nywele na kofia hubaki wazi mbele ya nyumba nzima. Kama kuna nundu, hapo ndipo kila mtu huiona, na hapo ndipo swali huulizwa: isubiriwe, au ipelekwe kituoni?

Sauti zinazofuata ni misimamo inayosikika katika nyumba yoyote yenye mtoto mchanga, kuanzia Mkoani hadi Micheweni: bibi, mama, baba, mkunga wa kituo cha afya na daktari wa hospitali.

Hoja ya subira

Bibi ndiye wa kwanza kusema, maana ndiye aliyemshika mtoto wakati wa kunyolewa.

“Mwanangu, hiyo ni nundu ya uzazi. Wanangu wawili walikuja nayo, na hakuna aliyepelekwa popote. Subira huvuta heri. Muoshe mtoto, mnyonyeshe, iache itoke yenyewe.”

Hoja hii ina uzito wa kitabibu. Nundu za uzazi zinazoonekana mara nyingi ni za aina mbili, na zote hupona bila dawa.

Ya kwanza ni maji yanayojikusanya chini ya ngozi, sehemu ile ya kichwa iliyotangulia wakati wa kuzaliwa. Mtoto huzaliwa nayo. Ni laini, haina mpaka ulio wazi, ikibonyezwa huacha kishimo kidogo, na hupita juu ya mishono ya fuvu bila kuijali. Huanza kupungua siku ile ile ya kuzaliwa, na kwa kawaida siku ya tatu au ya nne haionekani tena. Nundu iliyofika siku ya akika, basi, kwa kawaida si hii.

Ya pili ni damu iliyovuja kati ya mfupa wa fuvu na utando unaoufunika mfupa huo. Hutokea kwa mtoto mmoja au wawili katika kila 100, na zaidi kwa waliozaliwa kwa kuvutwa na vakyumu au koleo. Damu huvuja polepole, kwa hiyo mtoto anaweza kuzaliwa na kichwa safi, nundu ikaonekana saa kadhaa baadaye au siku ya pili na ya tatu. Kwa kuwa utando umeshikamana na mfupa kwenye ukingo wake, damu haiwezi kuvuka mshono. Nundu hukaa upande mmoja, mara nyingi juu kidogo ya sikio kuelekea nyuma, na ina mpaka unaoshikika. Hii huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine hadi miezi mitatu, kabla ya kumalizika.

Nundu hii ya pili ndiyo hasa inayofichuliwa na wembe wa siku ya saba, na ina tabia moja inayowatisha watu. Katika wiki ya pili au ya tatu mwili huanza kuweka mfupa mpya kwenye ukingo wa nundu. Kidole kikipita huhisi duara gumu kama mdomo wa kikombe, na katikati yake panabonyea. Mama anayeshika duara hilo hudhani fuvu limetoboka. Fuvu ni zima. Kilicho laini katikati ni damu ambayo bado haijanyonywa na mwili. Baadaye duara lote linaweza kuwa gumu kama mfupa na kubaki hivyo kwa miezi, mpaka kichwa kinachokua kilisawazishe.

Masharti ya mkunga

Mkunga wa kituo hampingi bibi. Anamwekea masharti.

“Bibi, subira yako naikubali, ila iwe na macho. Nundu hii ni damu, na damu inapovunjika mwilini huacha umanjano. Kila asubuhi mtoeni mtoto penye mwanga muangalie weupe wa macho yake, kisha viganja na nyayo. Umanjano ukifika viganjani au nyayoni, hapo subira imekwisha.”

Umanjano wa siku za mwanzo huwapata watoto wengi wachanga na wengi hupona wenyewe. Mtoto mwenye damu iliyovilia kichwani ana mzigo mkubwa zaidi wa rangi hiyo ya manjano ambayo ini lake changa linapaswa kuiondoa. Ikizidi sana, rangi hiyo huingia katika ubongo na kuudhuru moja kwa moja, ikaacha uziwi au ulemavu wa viungo. Hospitali hutibu kwa mwanga maalumu wa bluu. Jua la asubuhi mlangoni halitoshi kwa umanjano mkali, na jina la “homa ya manjano” ambalo baadhi ya watu huupa hupotosha, kwa sababu hilo ni jina la ugonjwa mwingine unaoletwa na mbu.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya kuwa macho. Upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao hurithiwa na umeenea katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, hufanya chembe nyekundu za damu zivunjike upesi zinapokutana na vitu fulani. Kimojawapo ni naftalini, vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa sandukuni ili nguo zisiliwe na wadudu. Shuka na nguo za mtoto zilizotunzwa na naftalini zinaweza kumtia mtoto mwenye upungufu huo umanjano wa ghafla. Zikitunzwa bila naftalini tangu mwanzo, hatari hiyo haipo.

Sharti la pili la mkunga linahusu nundu inayotambaa. “Nundu ya bibi inakaa upande mmoja. Mkiona kichwa kizima kinavimba, kinakuwa laini kama mfuko wa maji, uvimbe unashuka kisogoni au nyuma ya masikio, na mtoto anapauka, msisubiri hata adhana inayofuata.”

Hiyo ni damu inayovuja juu ya utando wa mfupa, katika nafasi iliyo wazi kutoka kwenye nyusi hadi shingoni. Hutokea mara chache, zaidi baada ya kuvutwa kwa vakyumu, na huonekana ndani ya saa au siku za mwanzo. Hatari yake hueleweka kwa hesabu ndogo. Mtoto wa kilo 3 ana damu isiyozidi sana robo lita mwilini mwake, kiasi cha kikombe kimoja kikubwa cha chai. Nafasi hiyo chini ya ngozi ya kichwa inaweza kumeza sehemu kubwa ya damu hiyo bila tone moja kuonekana nje. Dalili zake ni midomo na viganja vilivyopauka, pumzi za haraka, mwili wa baridi na kunyonya kulikokatika.

Swali moja la kumuuliza mama hapa ni kama mtoto alichomwa sindano ya vitamini K baada ya kuzaliwa. Watoto wote huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini hiyo inayosaidia damu kuganda, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto mchanga apewe miligramu 1. Mtoto aliyezaliwa nyumbani huenda hakuipata, na nundu yake ya damu inastahili kuangaliwa mapema zaidi.

Hofu ya mama

Mama amekaa kimya mpaka hapa. Anapozungumza, haulizi kuhusu nundu za uzazi kwa jumla.

“Mie ndiye ninayemuosha na kumpaka mafuta kila siku. Juzi hapakuwa na kitu hapa. Leo kipo. Mnaniambia nitulie, lakini hakuna aliyeniuliza kilianza lini.”

Mara nyingi hofu ya mama hupokewa kama udhaifu wa mzazi wa kwanza, naye huambiwa amtegemee Mungu na apunguze mawazo. Kwa tabibu, maneno hayo matatu ya mama, juzi, leo na hapa, yana thamani kuliko kipimo chochote kitakachofanywa dakika ya kwanza. Nundu haisomwi kwa ukubwa wake. Husomwa kwa siku iliyoanza, mahali ilipo, jinsi inavyobadilika na hali ya mtoto mwenyewe. Majibu ya maswali hayo manne yamo nyumbani, na mara nyingi yamo mikononi mwa mtu mmoja.

Siku iliyoanza hutenganisha makundi makubwa. Nundu ya saa na siku za mwanzo mara nyingi ni ya uzazi. Nundu inayojitokeza wiki au miezi baadaye haiwezi kusingiziwa uzazi. Lazima itafutiwe sababu nyingine.

Mahali napo panasema. Kinundu kidogo kisogoni au nyuma ya sikio, cha ukubwa wa kunde, kinachoteleza chini ya kidole, aghalabu ni tezi. Tezi huvimba kupambana na uchafu uliopo karibu: jipu, ukurutu, vidonda vya upele au mashilingi ya kichwani. Kinachohitaji kutibiwa ni ngozi iliyo juu, na tezi hurudi yenyewe. Kinundu cha duara, kigumu kidogo, kisichouma, kwenye ncha ya nje ya nyusi, mara nyingi ni kifuko alichozaliwa nacho mtoto ambacho hukua taratibu. Daktari hupanga kukiondoa bila haraka. Alama nyekundu inayoinuka kama tunda na kukua katika miezi ya mwanzo ni mishipa midogo ya damu. Baadaye huanza kusinyaa yenyewe kwa miaka, na huhitaji tiba mapema ikiwa iko karibu na jicho au inatoka vidonda. Yapo pia mambo ambayo si maradhi kabisa, kama mfupa wa nyuma ya sikio au wa kisogoni ambao mzazi huushika kwa mara ya kwanza upande mmoja na kusahau kuulinganisha na upande wa pili.

Mstari wa katikati ya kichwa ni eneo la tahadhari. Nundu iliyo juu ya mzizi wa pua, utosini au katikati ya kisogo, hasa inayojaa mtoto anapolia, inaweza kuwa na njia inayoingia hadi kwenye ubongo. Nundu ya namna hiyo haibonyezwi na haivutwi maji kwa sindano na mtu yeyote kabla ya kupigwa picha.

Ipo pia nundu ya kuanguka. Mtoto aliyeanza kujipindua huporomoka kitandani, na vishindo vingi huacha uvimbe mgumu wa paji la uso unaoisha kwa siku chache. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka, uvimbe laini unaobonyea ubavuni mwa kichwa baada ya kuanguka unaweza kuwa umefunika ufa wa mfupa. Huyo hupelekwa hospitali hata kama anacheka, na kwa haraka zaidi akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, au majimaji yakimtoka puani au sikioni.

Mkono unaotaka kufanya jambo

Bibi anarudi na hoja ya pili, na hii inapata wapinzani zaidi. “Basi kama ni damu iliyovilia, si itolewe? Zamani ilikandwa kwa kitambaa cha moto. Wengine waliichanja kidogo, uchafu ukatoka.”

Mkunga na daktari wanajibu kwa sauti moja, na katika mjadala mzima hapa ndipo pekee pasipo na nafasi ya katikati. Damu iliyo chini ya utando imefungwa mahali safi. Wembe au sindano ikiingia, hufungua mlango kwa vijidudu, na nundu isiyo na madhara hugeuka jipu juu ya mfupa wa fuvu. Chale kwa chombo kisicho safi zinaweza kuleta pepopunda. Hata hospitali haiitoboi nundu hii, isipokuwa ikiwa tayari imeingia usaha. Kukanda kwa nguvu huweza kuanzisha tena uvujaji uliokwisha kusimama, na kitambaa cha moto huunguza ngozi ya mtoto ambayo ni nyembamba kuliko kiganja kinachokishika.

Bibi anashika hoja yake: “Sasa nyinyi wa hospitali mnatwambia tusifanye kitu. Na kutofanya kitu ni dawa gani?”

Daktari anamjibu kwa jambo lililofanyika Pemba yenyewe. Kati ya 2011 na 2013 watafiti waliofanya kazi na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi karibu na Chake Chake, waliwafuatilia watoto wachanga zaidi ya 36,000 wa kisiwa hiki. Walitaka kujua kama kupaka kitovu dawa ya klorheksidini kunaokoa maisha kuliko kukiacha kikavu na safi. Majibu yalionyesha kwamba tofauti ya vifo kati ya makundi hayo haikuwa kubwa kiasi cha kuhesabiwa kuwa ni kazi ya dawa. “Kwa hiyo, Bibi, kuacha kikavu, kikiwa safi na kikiangaliwa, ni uuguzi kamili. Na nundu ya mtoto ni hivyo hivyo. Tunachokukataza ni kisu. Jicho lako tunalihitaji.”

Kuhusu hirizi, kombe na kisomo, mjadala hauna haja ya kuwa vita. Dua juu ya kichwa cha mtoto haimzuii mtu kwenda kituoni, na mafundisho ya dini yenyewe yanamtaka mgonjwa ajitibu. Mvuje uliofungwa mkononi hauponyi nundu, na ukibaki nje ya kinywa cha mtoto haumkwazi daktari. Tatizo huja pale mpangilio unapogeuzwa: mtoto anapotukutika, watu wakasema ni dege limempitia, na safari ya kwanza ikawa kwa mganga. Uvimbe wa kichwa pamoja na degedege ni dharura. Kisomo kinaweza kusomwa njiani.

Hesabu ya baba

Baba anasikiliza huku akihesabu. “Mimi nauliza jambo moja. Nauli ipo ya kwenda na kurudi, na mama mtoto hajamaliza arobaini. Tukifika tukaambiwa si kitu, tutakuwa tumekwenda kufanya nini?”

Mkunga anamjibu, “Baba, hilo la kuambiwa si kitu ndilo mnalolifuata. Anayeweza kulisema kwa uhakika ni mtu aliyekishika kichwa cha mtoto, akamkagua mwili mzima, akauliza siku.”

Hesabu ya baba ina haki yake, na jibu la haki ni kueleza ngazi zilizopo. Tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, sera ya Zanzibar imekuwa ni kutoa huduma za afya bila malipo katika vituo vya serikali, na vituo vya afya vimetawanywa shehiani. Mhudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya hupita nyumba kwa nyumba kuwaangalia wajawazito na watoto, na anaweza kuwa wa kwanza kuonyeshwa nundu kabla hata mama hajavuka kizingiti. Juu ya kituo kuna hospitali za Chake Chake, Wete, Micheweni na Abdulla Mzee iliyopo Mkoani, ambayo ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016. Kwa dharura za waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa usafiri wa m-mama hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115. Mtoto anayehitaji upasuaji wa kichwa huvushwa kwenda Unguja, katika kitengo cha upasuaji wa ubongo cha NED kilichopo Hospitali ya Mnazi Mmoja, au Dar es Salaam, katika taasisi ya mifupa ya MOI iliyopo Muhimbili.

Kwa mtu wa Pemba, neno “Unguja” lina maana ya boti, malazi na siku za kazi zilizopotea. Ndiyo sababu ngazi ya chini ina thamani: wengi wa wanaoonyeshwa kituoni hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na wachache wanaopaswa kuvuka bahari huvuka wakiwa bado na nafasi ya kusaidiwa.

Neno la daktari juu ya utosi

Daktari anaacha nundu na kugeukia mahali ambapo watu wengi hawapahesabu kuwa ni nundu. “Mmeniuliza kuhusu kivimbe cha pembeni. Mimi nauliza: utosi wake ukoje akiwa ametulia?”

Utosi wa mbele wa mtoto mzima uko sawasawa na kichwa au umezama kidogo sana. Hupiga taratibu kwa mapigo ya moyo, na huinuka mtoto anapolia kisha hushuka anaponyamaza. Huangaliwa mtoto akiwa ameinuliwa na ametulia. Utosi uliodidimia pamoja na macho yaliyoingia ndani na mkojo haba humaanisha maji yamepungua mwilini, mara nyingi kwa kuharisha; tiba yake ni kunyonyeshwa zaidi na kufikishwa kituoni, si kuvutwa wala kupakwa kitu. Utosi uliofura na kukaza wakati mtoto ametulia una maana nyingine. Ukiambatana na homa, kukataa ziwa, kilio chembamba kisicho cha kawaida au degedege, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina bei yake.

Ukifura bila homa huku kichwa kikikua haraka, huenda maji yanajikusanya ndani ya ubongo. Hali hii watu huiita kichwa kikubwa au kichwa maji, na kwa muda mrefu iliwafanya watoto wafichwe vyumbani. Ishara zake ni mishono inayoachana, mishipa ya ngozi ya kichwa iliyotuna, na macho yanayoelekea chini mpaka weupe ukaonekana juu ya mboni. Kipimo chake cha kwanza ni utepe kama ule wa fundi cherehani. Mzingo wa kichwa wakati wa kuzaliwa huwa karibu sentimita 35, nao huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi katika miezi 3 ya mwanzo, kisha polepole zaidi. Namba inayoruka juu ya mstari wake katika kadi ya mtoto huonekana mapema kuliko jicho litakavyoona.

Sababu za maji hayo zinarudisha mjadala kwenye usafi wa siku za mwanzo. Katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alichapisha mwaka 2005 matokeo ya watoto 300 wenye kichwa maji. Karibu 60 katika kila 100 walikuwa wamepata hali hiyo baada ya maambukizi, si kwa kuzaliwa nayo. Homa ya mtoto mchanga iliyopuuzwa wiki ya kwanza inaweza kurudi miezi michache baadaye ikiwa na umbo la kichwa kinachokua kupita kiasi. Huko Mbale pia Warf aliendeleza upasuaji unaoyafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo bila kumwachia mtoto mpira wa kudumu, jambo lenye maana kubwa kwa familia iliyo mbali na hospitali.

Wanapokutana

Mwisho wa mjadala unaonyesha kwamba subira ya bibi na haraka ya mkunga hazigombani. Kila moja ina watoto wake, na kinachowatenganisha watoto hao ni yale maswali manne: ilianza lini, iko wapi, inabadilika vipi, na mtoto yuko vipi.

Nundu ya upande mmoja iliyoanza siku za mwanzo, isiyokua, kwa mtoto anayenyonya vizuri, mwenye rangi nzuri na asiye na homa, huonyeshwa kituoni kwa wakati wa kawaida, kisha husubiriwa. Nundu iliyozuka baada ya wiki, inayokua, iliyo mstari wa katikati, au iliyofuata kuanguka, hupelekwa bila kungoja zamu. Mtoto aliyekataa ziwa, aliyelegea, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye homa au mwili wa baridi, aliyetukutika, aliyepauka, au mwenye umanjano wa siku ya kwanza au wa viganjani na nyayoni, hupelekwa saa ile ile, nundu iwepo au isiwepo.

Nyumbani kazi ni ndogo na inajulikana: kichwa kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kuguswa kwa upole, kutochanjwa, kutokandwa, na siku nundu ilipoonekana kuandikwa nyuma ya kadi pamoja na ukubwa wake kwa kulinganisha na kitu kinachojulikana, kunde, ndimu au yai la kuku, ili wiki ijayo mama asibishane na kumbukumbu yake.

Lililobaki ni kuamua siku, na siku ipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mama na mtoto waangaliwe tena kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuzaliwa. Akika iko mwanzoni kabisa mwa muda huo. Kichwa kimekwisha kunyolewa, macho ya nyumba nzima yamekiona, na majibu ya bibi na mama bado ni mapya. Mtoto akipelekwa kituoni wiki ile ile, akiwa amenyolewa kwa wembe mpya na kichwa hakijachanjwa, mkunga atakuta nusu ya kazi ya uchunguzi imeshafanywa sebuleni.